Mwaka Aliorudishwa Baba

Eliya amesafirishwa Jumamosi iliyopita kwenda kuzikwa kwao Machame. Sikuweza kumsindikiza mpaka mlimani, magoti yangu hayataki tena safari ndefu za basi, lakini nilishinda msibani kwake Kimara tangu asubuhi mpaka gari lilipoondoka na jeneza. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine pale Neema, binti yake mkubwa, alipokuja akapiga magoti mbele yangu na kuniamkia. Akaniambia kwamba bibi yao, mama yake Eliya, alipougua siku za mwisho, baba yao alimhudumia kwa mikono yake mwenyewe, akimgeuza na kumwogesha mpaka wanawake wa ukoo wakashangaa. Walipomwuliza kajifunzia wapi kazi ile, alisema Kariakoo, kwa mzazi wa mtu mwingine. Neema alitaka kujua mzazi huyo alikuwa nani. Nikamwambia alikuwa baba yangu. Watu walikuwa wakiendelea kuingia, akaitwa jikoni, na hatukusema zaidi. Lakini nimerudi nyumbani nimechoka kwa uchovu ambao si wa siku moja, na tangu hapo nikikaa kidogo tu, ule mwaka unakuja na kukaa pamoja nami.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mpiga taipu katika ofisi ya shirika moja la umma mjini, nikiishi na mama yangu, Bi Tatu, kwenye nyumba yake ya vyumba sita, mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Ulikuwa ule wakati maduka yamekauka, watu wanapanga foleni kwanza ndipo wanauliza foleni ni ya nini. Yaliyopita baina ya mama na baba sitayasimulia; wenyewe waliyazika. Inatosha kusema kwamba alimpa talaka moja nikiwa darasa la pili, eda ikaisha asimrejee, akahamia Magomeni kwa mke mwingine, Hadija, ambaye kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa. Nilikuwa nikienda kumwamkia baba siku za sikukuu, nakunywa soda, narudi. Mama hakuwahi kuniuliza nimemkutaje.

Asubuhi moja ya masika mkokoteni ulisimama mbele ya baraza letu. Juu yake palikuwa na godoro la sufi lililofunikwa nailoni, na chini ya nailoni alikuwamo baba. Hadija alikuwa nyuma, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, wote wamelowa. Alimwamkia mama kwa adabu, kisha akaeleza yote pale pale barazani: baba alikuwa ameanguka bafuni, upande wa kulia umepooza, maneno hayatoki sawasawa. Hospitali walikaa naye kwa muda, halafu wakasema mgonjwa kama huyu ni wa kuuguzwa nyumbani. Nyumbani hapakuwa na unga. Watoto wawili, naye kwao ni Rufiji, ambako angalau muhogo upo. "Nimemleta kwa mwanawe," alisema. "Mimi nimechoka, dada. Sina neno jingine." Majirani walikwisha kutoka milangoni. Nilimtazama mama nikisubiri aseme jambo ambalo mtaa mzima ungelirudia kwa miaka. Mama aliangalia maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye ile nailoni na kuingia shingoni mwa baba. Akasema, "Mwingizeni ndani, analowa."

Nilimchukia Hadija kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nikikamua mashuka uani namwona amekaa kivulini Rufiji, anakula muhogo wake kwa raha. Kisha ile chuki iliniisha yenyewe, bila mimi kujua ni siku gani, na nafikiri iliisha kwa sababu nilikuwa nimefika pale alipokuwa amefika yeye. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko mama alivyokuwa siku ile, nikimsikia mtu anasema amechoka kuuguza, simwulizi kwa nini.

Tulimlaza kwenye chumba cha mwisho cha ukumbini, kilichopakana na mlango wa uani, tulimokuwa tukiweka mkaa na magunia. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama jikoni, na pazia la khanga badala ya mlango. Hata baada ya kukipiga chokaa harufu ya mkaa haikutoka, na kila shuka jeupe lililoingia mle lilitoka na vumbi jeusi pembeni. Mama aliweka masharti yake siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa dini asiyekuwa na maneno mengi. Kwake, mwanamume aliyekwisha kumwacha na eda ikapita alikuwa sawa na mwanamume yeyote apitaye barabarani. Hawezi kumwona uchi, hawezi kumshika mkono. Atapika, atafua nguo zake, lakini lile pazia hatalivuka. "Kazi ya mwili wake ni yako," aliniambia. "Wewe ulipewa baba. Mimi nilipewa mume nikamrudisha."

Siku za mwanzo nilijaribu peke yangu, na sipendi kuzikumbuka. Baba alikuwa mtu wa kimo, mzito, na mimi ni binti yake. Nilipomvua nguo tulifumba macho wote wawili, na kwa kuwa nimefumba macho niliifanya kazi vibaya, akabaki na unyevunyevu, ngozi ikaanza kuchubuka. Eliya alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mchaga asiye na mke bado, akiuza vitunguu na nyanya mle ndani ya soko. Alikuwa akiamka mapema kuwahi mizigo. Alfajiri moja alinikuta uani nimekaa juu ya ndoo, nalia bila sauti. Akaniambia nichemshe maji, mzee nimwachie yeye. Baba alipoona ni mwanamume mgeni, tena Mkristo, ndiye aliyeshika kopo na dodoki, aliugeuza uso ukutani. Nilikuwa nje ya pazia na niliyasikia maneno ya Eliya yote. "Mzee, mama yangu yuko mlimani, miguu imemkataa. Kuna mtu kule anambeba kumpeleka nje kila siku. Mimi simjui vizuri mtu huyo. Basi na mimi nikubebe wewe." Kisha nikasikia maji yanamwagika.

Tangu hapo alimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na alipomaliza alimkalisha, akamwekea mbele jiwe safi la kutayamamu, maana kutawadha mwenyewe hakuweza, akatoka, akasimama nje na ndoo yake mpaka baba amalize kuswali kwa ishara ya macho. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu siku moja namwekea, akachukua kazi hiyo pia. Jioni mwilini mwake kulikuwa na harufu ya vitunguu, na baba aliizoea mpaka akawa anaijua inapoingia ukumbini.

Chakula kilikuwa shughuli nyingine. Baba hakuweza kutafuna upande mmoja, na unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano, ambao hata mwenye meno yote anaula kwa kuvumilia. Mama aliuchekecha, akaukoroga uji mwepesi, akakosa sukari, akautia juisi ya muwa. Chai tulikunywa kwa kumumunya peremende. Eliya alituletea ndizi mbichi kutoka kwa wenzake wa sokoni, na siku mfupa wa ng'ombe ulipopatikana akatupikia mtori, zile ndizi zinazopondwa na mchuzi mpaka zinakuwa laini kama uji. Mama aliitazama sufuria kwa mashaka, akaniambia pembeni kwamba hicho ni chakula cha wazazi waliojifungua. Lakini baba alikula bakuli zima kwa mara ya kwanza tangu afike, na kesho yake nikamkuta mama anamwuliza Eliya, kama anayeulizia jambo la mtu mwingine, ndizi zinachemshwa kwanza au zinatiwa pamoja na nyama.

Kilichonichosha kuliko mashuka kilikuwa maneno. Mama na baba hawakusemeshana. Mama akipepeta mchele dirishani, baba kalala hatua chache upande wa pili wa dirisha hilo hilo, kila mmoja anasikia mwenzake akikohoa, na mimi ndiye niliyekuwa barabara ya kati. "Zena, mwambie baba yako uji ni wa moto." Nilivuka pazia nikamwambia baba uji ni wa moto. Baba akavuta maneno yake mazito kutoka upande mmoja wa mdomo, kwamba jana chumvi ilizidi. Nikatoka kumwambia mama jana chumvi ilizidi. Mama akasema nimwambie chumvi hiyo ndiyo ile aliyoioa mwenyewe zamani. Hapo nilikaa tu katikati ya ukumbi, nikainamisha kichwa magotini, wala sikupeleka kitu, maana alikwisha kusikia. Nikamsikia baba anacheka kule ndani, kicheko cha upande mmoja, cha kukwaruza. Mama aliendelea kupepeta. Sijui kama alitabasamu. Alikuwa amenipa mgongo.

Kati ya hapo na mwisho wa mwaka, siku zilifanana hata siwezi kuzitenganisha. Nilikuwa nikitoka kazini napitia foleni, ya sabuni zaidi ya yote, kwa sababu sabuni ndiyo tuliyoihitaji na ndiyo isiyopatikana. Balozi wetu wa nyumba kumi alituonea huruma, akatuombea mgao wa ziada, lakini mgao wenyewe mara nyingi haukuja. Tulifua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa. Baba alipata kidonda mgongoni, chini kabisa, na nesi mmoja mtu mzima aliyekaa mtaa wa pili akanionyesha namna ya kumgeuza ili asilalie upande mmoja kwa muda mrefu. Nilimgeuza kabla ya kwenda kazini, nikatoka ofisini mchana kwa miguu, nikakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja chini ya jua, nikamgeuza tena, nikarudi. Nilikuwa nasinzia kwenye taipu. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, lakini barua zilipoanza kutoka na mistari iliyorudiwa, aliniita akaniuliza kama nina mimba. Palikuwa pia na kijana mmoja, fundi umeme, aliyekuwa akinichumbia. Alikuja kumwona mgonjwa, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, akatoa pole. Nilipomsindikiza barazani alisema mzigo huu ni mkubwa. Nilimjibu kwamba ndiyo, ni mkubwa. Akaja tena baada ya muda mrefu, kisha hakuja. Sikulia. Kulia kulihitaji nguvu, nami nguvu nilikuwa naziweka kwa ajili ya kumgeuza baba.

Mwezi wa Desemba ulipofika Eliya alijiandaa kwenda kwao. Wachaga wote wa soko walikuwa wanapanda, na yeye hakuwa amemwona mama yake mwaka mzima. Alisitasita. Alitaka kubaki, nasi tukamwambia aende, mama ndiye aliyemwambia kwa ukali kabisa. Alipoondoka nilifanya kazi yake na yangu kwa siku chache, kisha mwili ukakataa. Ilianza kama baridi, nikiwa foleni, jua la saa sita linanichoma na mimi nimejifunga khanga mbili natetemeka. Malaria. Nilifika nyumbani nikaanguka kwenye mkeka wa ukumbini, na kutoka hapo nakumbuka vipande tu: dawa chungu ya klorokwini iliyoniwasha mwili mzima, mkono wa mama kwenye paji langu, na sauti ya baba kutoka chumbani ikiita jina langu, kila mara kwa upole zaidi, kama mtu anayejua hatajibiwa. Alikuwa amelowa. Alikuwa amelowa tangu asubuhi. Nilijaribu kuinuka, nikafika kwenye pazia, nikalivuta, likaanguka pamoja nami.

Mama alinikokota akanirudisha mkekani. Kisha akasimama pale penye mlango usio na pazia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walitazamana tangu siku ya mkokoteni. Alikwenda kujitanda, akamtuma jirani Magomeni kumwita kaka yake, mjomba Shomari, na jirani mwingine msikitini kumwita sheikh wa mtaa. Wakati wa kuwasubiri alimsihi mzee mmoja mpita njia aingie kumbadilisha baba nguo. Mjomba alipofika alidhani amekuja kwenye msiba. Mama akawakalisha ukumbini, mimi nimelala hapo hapo miguuni mwao, akasema anataka aolewe na Salumu tena, sasa hivi, kabla ya alasiri.

Mjomba alikasirika. Alikumbusha mambo ambayo nimesema sitayasimulia. Mama alimwacha amalize. Sheikh, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alisema talaka ilikuwa moja, kwa hiyo ndoa mpya inawezekana, ila lazima mwanamume naye atake na aseme mwenyewe, na pawe na mashahidi na mahari. Ndipo mama akasogea mpaka mlangoni, akazungumza na baba moja kwa moja, bila mimi katikati. Maneno yale ninayo mpaka leo.

"Salumu, sijakusamehe. Hilo nalisema mbele ya sheikh ili lijulikane. Lakini huyu mtoto akifa kwa kukuuguza wewe, mimi nitabaki na nini? Nataka niweze kuingia humu ndani. Kama unanikubali, sema. Kama hunikubali, sema pia, nitafute njia nyingine."

Baba alifumba macho. Machozi yalikuwa yakimtoka siku nyingi yenyewe tu, kwa sababu ya ugonjwa wake, kwa hiyo hayakuwa na maana kubwa kwetu. Lakini siku ile aliyafuta kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Ilipofika mahali pa kusema amekubali kumwoa, ulimi ulimgoma. Sheikh akasubiri. Akajaribu tena, neno likatoka nusu. Mjomba Shomari, aliyekuwa amegeukia ukutani kwa hasira, akaja akamshika bega na kumwinua kidogo ili apate pumzi. Basi akalisema, kwa tabu, lakini kila mtu alilisikia. Mahari ilikuwa mche mmoja wa sabuni ya kufulia. Mjomba alikuwa ameupata kazini kwake asubuhi hiyo; akampa baba kuwa mali yake, baba akamkabidhi mama. Mashahidi, yule mzee mpita njia na jirani aliyekwenda msikitini, walipotoka, mama alivua vikuku vyake, akakunja mikono ya gauni, akaingia na beseni.

Nilipona taratibu. Eliya aliporudi baada ya mwaka mpya, na gunia la ndizi begani, alikuta mama ndiye aliyemkalisha baba kitandani. Akasimama mlangoni haelewi. Mama alimwambia tu kwamba mzee sasa ni mume wake, ila kumbeba kwenda bafuni bado ni kazi ya Eliya, kwani mgongo wa mama hauwezi. Eliya akacheka, akaweka ndizi chini.

Watu wameniuliza, wachache niliowasimulia, kama walipendana tena. Sijui. Niliyoyasikia ni mazungumzo ya watu wawili waliochoka. Mama alimgombeza kwa kumwaga uji. Alimkumbusha madeni ya maneno ya miaka mingi, moja moja, huku akimpaka mafuta ya nazi miguuni, na baba alijibu ndiyo, ni kweli, nilifanya. Mchana mmoja nilirudi kumgeuza nikakuta amekwisha kugeuzwa, na mama amekaa sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa kitanda, anamweleza habari ya mwanamke aliyepigana foleni ya mchele. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa juu ya kitambaa cha kichwa chake, umetulia tu. Nilirudi ofisini bila kuingia.

Hakufika masika mengine. Kile kidonda kilipona lakini kifua kilimjaa, na baada ya homa ya siku kadhaa alifariki asubuhi, mama akimshikia kikombe. Eliya na mjomba Shomari ndio waliombeba kumtoa chumbani. Wakati wa kumwosha Eliya alikaa nje na watu wengine, maana hiyo haikuwa tena kazi ya mtu wa dini nyingine. Nilimwona barazani anaitazama sana mikono yake. Mama aliingia eda. Kuna mama mmoja wa mtaani aliyeuliza, si kwa ubaya, eda ya nini kwa mwanamume aliyekuacha miaka yote ile. Mama alimjibu kwamba amefiwa na mume wake, akaomba apewe maji ya kunywa.

Kesho ya mazishi, baada ya kisomo na chakula, watu walipungua. Nilikwenda chumbani kwa baba kukunja godoro, nikamkuta mama amekwisha kulala sakafuni pale pale, juu ya mkeka, mdomo wazi, mkono mmoja chini ya shavu. Sikuwa nimemwona amelala mchana maisha yangu yote. Nilikaa kando yake nikasema nitapumzika kidogo tu, kisha niende nikaoshe sufuria za watu. Nilisikia uani mtu anafunga bomba, na kelele za soko kwa mbali, na baada ya hapo sikusikia kitu.

Majirani ndio walionisimulia baadaye. Wageni kutoka Magomeni walikuja alasiri kutoa pole, wakamkuta Eliya amekaa barazani, mlango ameurudisha nyuma yake. Hakuwa amefungua meza yake sokoni siku hiyo. Waliuliza wenye msiba wako wapi. Eliya akawaamkia vizuri, akawaomba radhi, akawaambia warudi jioni, kwa sababu wenye nyumba wamelala.